Hesabu ya Vipini na Koleo

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la jiografia ya mwaka jana. Nimekata kurasa zilizoandikwa, zimebaki hamsini na mbili. Mwalimu wa Hesabu ametuambia kwamba anayetengeneza milinganyo ya viumbe hai awe na madaftari mawili, moja la namba na moja la yale ambayo namba haziyasemi. Hili ni la pili.

Leo tumehesabu kwa mara ya kwanza. Bwawa la maji ya mji liko nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu Baba ndiye mlinzi wake na ndiye anayeendesha pampu. Amepigilia vigingi kumi ukingoni. Kwenye kila kigingi tunachota mara moja kwa wavu wa mkono, tunahesabu, tunarudisha majini. Tunaowahesabu ni vipini. Ni samaki wadogo, urefu wa kidole cha mwisho, wanaong'aa kama kipini cha puani. Bwana Samaki, afisa wa samaki wa wilaya, anasema amezunguka mito yote na hajawaona kwingine.

Anayewala ni koleo. Ni kamba wa maji baridi, mwekundu, mwenye makucha kama koleo la mhunzi. Si wa hapa. Mfugaji mmoja wa samaki alimleta huko juu miaka minne iliyopita, mafuriko yakabomoa kingo za mabwawa yake, koleo wakateremka na maji. Kwanza walimaliza konokono, kisha vyura. Sasa ni zamu ya vipini.

Michoto kumi leo: vipini 61. Mvua bado.

Jumapili, 3 Machi

Nimefua. Mawingu yamekuja, yamekwenda zake.

Jumatano, 6 Machi

Klabu ya hesabu ilikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Waliposikia kuna matope tumebaki wawili, mimi na Kasuku. Tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na wali mdomoni. Yeye ananiita Profesa, na si kwa heshima.

Mwalimu ameandika ubaoni:

vipini wa wiki ijayo = vipini wa wiki hii + wanaozaliwa − wanaoliwa

na chini yake:

koleo wa wiki ijayo = koleo wa wiki hii + wanaozaliwa − wanaokufa − tunaowatoa

Akasema hiyo ndiyo dunia nzima ya bwawa lile, kwa mistari miwili. Vipini wakiwa wengi koleo hushiba na kuzaana, koleo wakizaana vipini hupungua, vipini wakipungua koleo hukosa chakula. Kazi yetu ni kutafuta namba ndogo kuliko zote ya koleo wa kutolewa kila wiki ili mstari wa vipini usishuke. Niliona kama mtu amewasha taa. Kasuku aliuliza kama koleo nao wameoneshwa hii milinganyo ili wajue wajibu wao. Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, na sasa ninajiona nilikuwa na kiburi.

Jumamosi, 9 Machi

Vipini 58. Manyunyu kidogo asubuhi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekokotoa wiki ishirini za mbele, mara nne, kila mara kwa idadi tofauti ya koleo wanaotolewa. Kikokotoo kimeisha betri mara moja. Kwa makadirio yetu bwawani kuna vipini kama elfu moja na mia nne, na koleo kama mia nne. Tukitoa koleo ishirini kwa wiki, vipini wanakwisha mwezi wa nane. Tukitoa thelathini, wanasuasua. Tukitoa arobaini, mstari unashuka kidogo, unatulia, kisha unapanda. Katikati ya Mei tungekuwa na vipini elfu mbili.

Nimeuchora kwa wino. Mama amesema nimeuangalia mpaka uji umeganda.

Jumamosi, 16 Machi

Vipini 55. Leo ndiyo siku ya uamuzi, nitaandika kirefu.

Tulikaa chumba cha pampu, juu ya madebe: Baba, Mwalimu, Bwana Samaki, Kasuku na mimi. Bwana Samaki ni mtu mnene wa polepole, shati lake siku zote lina harufu ya chakula cha samaki. Alisema ana matangi matatu ofisini kwake ambayo wiki hii ni matupu. Alitaka tuchukue vipini mia tatu kesho, tuwaweke huko, wazaliane salama, halafu tufikirie habari ya koleo. Jumatatu matangi yatapokea vifaranga vya samaki wa wafugaji na hayatakuwa na nafasi mpaka mvua ziishe. Kwa hiyo ni kesho au basi.

Mwalimu alisema hebu tusikilize hesabu inasemaje, akanigeukia.

Nilisimama na grafu yangu. Nilieleza kwamba kutoa mia tatu kati ya elfu na mia nne ni kuushusha mstari wa vipini mpaka mahali ambapo hauinuki tena. Nilisema, na maneno haya niliyafanyia mazoezi, kwamba kuchukua mia tatu ni kumsaidia koleo kula. Bora tutege koleo arobaini kwa wiki na vipini wabaki kwao.

Bwana Samaki alinitazama, si kwa ubaya. Akasema, "Hesabu yako ni nzuri, binti. Mimi ninajua kitu kimoja tu. Aliyeko kwenye ndoo yangu haliwi."

Nilimdharau. Naandika kwa sababu ni kweli. Niliona ni mtu wa ndoo, asiyetaka kufikiri.

Mwalimu akasema bwawa ni la serikali lakini funguo ziko kwa mlinzi, aseme yeye. Baba hajui kusoma grafu. Aliishika juu chini, nikamgeuzia. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mimi mistari siijui. Mwanangu ninamjua." Akaamua tutege.

Bwana Samaki alishikana mikono na kila mtu, hata Kasuku, akapanda baiskeli yake akaenda. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata nilipofaulu mtihani.

Jumatatu, 18 Machi

Baba amesuka madema manane, mitego ya fito. Ameacha matundu ya vidole viwili ili vipini wakiingia waweze kutoka. Amejaribu kila tundu kwa vidole vyake mwenyewe. Nimempenda sana leo.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua imeshika. Vipini 57. Wameongezeka wawili! Koleo waliotegwa wiki hii 44, wakubwa, baadhi kama kiganja changu.

Tunawatia kwenye pipa karibu na pampu mpaka Jumamosi, kisha Baba anawapeleka kwa mfugaji wa nguruwe.

Jumanne, 26 Machi

Nimegombana na Kasuku. Jana jioni alihesabu koleo wa pipani, kumi na tisa. Leo asubuhi nikakuta kumi na watano na vipande vya makucha vinaelea. Nikamwambia amehesabu kama anavyoongea, haraka haraka. Akasema labda wamekulana. Nikamwambia pipa lina mfuniko, na aliyekosea akubali. Aliondoka bila neno, jambo ambalo kwa Kasuku ni kama kufunga shule.

Nimeandika kumi na watano kwenye daftari la namba, maana ndio niliowaona kwa macho yangu. Wale wanne nimewaandika "kosa la kuhesabu".

Jumamosi, 30 Machi

Vipini 60. Koleo 41. Mvua usiku kucha. Mwalimu ameweka nukta zetu juu ya mstari wangu na zinaufuata kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Alinishika bega. Nimemwomba Kasuku radhi, nusu nusu. Amekubali, nusu nusu.

Jumatano, 3 Aprili

Viatu havikauki.

Jumamosi, 6 Aprili

Vipini 52. Koleo 33. Mwalimu anasema nukta moja haifanyi mstari. Koleo wanapungua mtegoni, ina maana wanapungua bwawani. Baba amefurahi, ameniambia nisiwe na uso wa msiba.

Jumamosi, 13 Aprili

Vipini 37. Koleo 24.

Haiwezekani. Mwenye kula amepungua karibu nusu, na anayeliwa amepungua haraka kuliko mwanzo. Nimerudia michoto mara mbili, Baba akashika wavu mwenyewe. Thelathini na saba, kisha thelathini na watano.

Nimekokotoa tangu mchana. Nimebadilisha kiwango cha kuzaliwa, nikabadilisha kiwango cha kuliwa. Ili nukta hii ipatikane inabidi kila koleo awe anakula mara tano ya anavyokula. Mama aliniuliza ninatafuta nini. Nikasema kosa. Akaniambia nile kwanza, kosa halina miguu.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo kosa ameligundua Kasuku.

Baada ya masomo alikuja na chekeche ya unga ya mama yake. Alisema amechoka kuchota mahali palepale kama anayesali. Akaingia kwenye matete mpaka magotini, akazoa matope, akaosha. Chekeche ilibaki inatembea. Koleo wadogo, rangi ya majani makavu, ukubwa wa ukucha. Tuliwahesabu sitini na wanane katika chekeche moja. Kwenye chekeche ya pili themanini na mmoja.

Tuliangalia madema ya Baba. Matundu ya vidole viwili. Kipini hupita. Na hawa hupita.

Kasuku akasema polepole, "Wale wa pipani, Profesa. Wanne wale."

Nilikuwa nimekwishaelewa. Wakubwa ndio waliokuwa wakiwala wadogo. Bwawa zima lilikuwa na mlinzi, na mlinzi mwenyewe alikuwa koleo mkubwa. Sisi tumekuwa tukimtoa yeye tu, wiki hadi wiki, kwa madema yaliyosukwa kwa huruma, na kila tuliyemtoa ameacha wadogo mia wakue.

Na nilikuwa na ushahidi tarehe ishirini na sita Machi. Niliuandika kwa mkono wangu, "kosa la kuhesabu".

Jumanne, 16 Aprili

Nilimpelekea Mwalimu kabla ya gwaride la asubuhi. Alisoma ukurasa wa Machi, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Sikujua kwamba mwalimu anaweza kuonekana mdogo. Alisema tuliandika koleo kana kwamba koleo ni mmoja, na ilibidi tuandike wawili, mkubwa na mdogo, na mstari wa mkubwa kumla mdogo. Alisema hilo linafahamika kwa viumbe wengi wa aina hii na alipaswa kuuliza kabla. Nilimwambia ni mimi niliyefuta wale wanne. Akasema wote wawili tulikuwa na haraka ya kuona mstari ukipanda.

Tumeandika upya. Milinganyo mitatu badala ya miwili.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemaliza milinganyo mipya, nikaweka nukta zote tangu tarehe mbili Machi. Ni mara ya kwanza mstari umepita kwenye nukta zote. Hakuna hata moja iliyobaki nje, wala ile ya thelathini na saba.

Nilikuwa nikiota siku hii.

Mstari unagusa chini wiki ya kwanza ya Mei. Nimejaribu kuacha kutega kuanzia leo: wiki ya kwanza ya Mei. Koleo mdogo huhitaji miezi mingi kuwa mkubwa wa kuwala wenzake. Nimejaribu kutega wadogo kwa matundu ya kidole kimoja: vipini nao wanabanwa humo, na mstari unagusa chini mapema zaidi. Kisha nikajaribu lile la Bwana Samaki, kutoa mia tatu tarehe kumi na saba Machi. Mia tatu wangekuwa ndoani. Mia tatu wangekuwa hai.

Nimezima kikokotoo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilimkuta anapaka grisi pampu. Nilimweleza yote, madema, pipa, namba niliyoiandika. Nilitegemea atakasirika, na nilitaka akasirike. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Aliniuliza kama yale matundu yangekuwa madogo tangu mwanzo ingesaidia. Nikasema hapana, tungewaua vipini wenyewe. Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa bei.

Baadaye niliona ameyatoa madema yote manane majini na kuyapanga nyuma ya nyumba, yakiwa yamekauka upande mmoja na mabichi upande mwingine.

Jumamosi, 20 Aprili

Vipini 19. Mvua kubwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda na Baba ofisini kwa Bwana Samaki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, lakini nilipofungua mdomo alinionesha kiti, akaniambia nile karanga. Matangi yote matatu yamejaa vifaranga, maji yamekuwa meusi kwa wingi wao. Alisema wafugaji watawachukua wakikua, si kabla ya Mei kuisha. Kisha akavuta kofia nyuma, akafikiri, akasema tangi dogo anaweza kulitoa mapema akiwabana vifaranga kwenye mawili yaliyobaki. Wengine watakufa kwa kubanana, na wafugaji watamsema. "Nipeni siku kumi," alisema.

Hakunikumbusha ule mkutano hata kwa jicho. Ningependa angenikumbusha.

Jumamosi, 27 Aprili

Vipini 8.

Jumanne, 30 Aprili

Kasuku amekuja kila siku wiki hii, ingawa hakuna cha kutega. Anaketi nami ukutani. Leo alisema koleo wadogo wakimaliza vipini watakulana wenyewe, na mwishoni atabaki mmoja, mnene, mpweke, anayetafuta wa kumsalimia. Nilicheka mpaka nikalia. Hakunitania.

Ijumaa, 3 Mei

Bwana Samaki ametuma ujumbe. Tangi li tayari. Mvua imepungua.

Jumamosi, 4 Mei

Vipini 3.

Hatukuwarudisha majini hao watatu. Ndio wa kwanza kwenye ndoo.

Jumapili, 5 Mei

Tumechota kutwa. Baba, Mwalimu aliyekunja suruali mpaka mapajani, Kasuku, Bwana Samaki kwenye maji mpaka tumboni, hata Mama aliyesema anakuja kuleta chai tu. Tulizunguka bwawa lote mara nne. Koleo wadogo walijaa kwenye nyavu mpaka tukawa tunawamwaga kama mchele wenye mawe. Kufikia adhuhuri tulikuwa na vipini saba, pamoja na wale watatu wa jana. Kufikia saa kumi, kumi na mmoja. Baada ya hapo hakuna.

Bwana Samaki alibeba ndoo mwenyewe, baiskeli akiisukuma, ili maji yasimwagike. Baba alitembea upande wa pili mkono ukiwa juu ya mdomo wa ndoo. Nilitembea nyuma yao. Nilijiambia kumi na mmoja si sifuri. Nilikaa kwenye baraza la ofisi kabla hatujawatia tangini nikikokotoa kwa penseli: kumi na mmoja, nusu majike, kila jike mayai thelathini kwa msimu, nusu wanakua. Mwaka mmoja wangekuwa zaidi ya themanini. Miaka miwili wangejaza matangi yote matatu. Hata nilimwonesha Kasuku, akasema, "Sasa hiyo ndiyo hesabu, Profesa."

Kisha Bwana Samaki akaanza kuwatia mmoja mmoja kwenye chupa ya kioo kabla ya kuwaachia tangini. Ndivyo afanyavyo kwa samaki wote wanaoingia kwake. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaandika. Ya pili, akaandika. Alipofika ya sita aliacha kuandika. Mwalimu akamuuliza kuna nini. Akasema dume wa kipini ana pezi la mgongo lenye ukingo mweusi. Jike hana. Majike huingia kwenye matete kutaga, na matete ndiko walikojaa koleo wadogo.

Alitutazamisha wote. Kumi na mmoja. Ukingo mweusi, ukingo mweusi, ukingo mweusi, mpaka wa mwisho.

Sikuhitaji kikokotoo. Wanaozaliwa ni majike mara thelathini, na majike ni sifuri.

Jumatano, 8 Mei

Jua kali. Nimekaa darasani.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimekwisha. Baba huenda kila asubuhi kuwalisha wale kumi na mmoja, kisha hurudi kuwasha pampu, kwa hiyo maji ya mji yanachelewa nusu saa na watu wananung'unika. Bwana Samaki anasema wakitunzwa wanaweza kuishi miaka miwili.

Leo Baba aliniomba nimsomee mlinganyo wa wale wa tangini. Nilimsomea. Akasema nimwambie kwa maneno ya kawaida.

"Hakuna atakayezaliwa, Baba."

Kisha akaniuliza, "Huwezi kuwa umekosea tena?"

Aliuliza kwa matumaini. Naandika hivyo kwa sababu nilimwona usoni. Mtu yuleyule aliyesema ananijua mimi, sasa anategemea kosa langu.

Nikamwambia, "Hapana. Safari hii sijakosea."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua wavu wa mkono, akashuka bwawani. Nilimfuata na ndoo yenye maji safi nusu. Kigingi cha kwanza, koleo wadogo tu. Cha pili, koleo wadogo tu. Mimi nilikuwa nikiandika. Tulizunguka mpaka cha kumi, na cha kumi nacho hakikuwa na kitu kinachong'aa.

Baba alikung'uta wavu kwenye majani. Alisema tuanze tena kutoka cha kwanza.